Chupa moja tu ya mnazi naanguka: nimerogwa?

SWALI

Salaam Dada Nesi,

Mimi ni mzee wa miaka 64, mkazi wa Muyeye hapa Malindi. Nakusoma kila wiki kwenye simu ya mjukuu wangu, na leo nimemwomba aniandikie, mimi nikisema yeye akichapa. Kwa hivyo kama kuna mahali nimejifanya mtakatifu, jua ni kwa sababu mtoto anasikiliza.

Miaka 28 nilifanya kazi ya baa katika hoteli moja ya ufukweni. Nilianza kwa kuosha glasi nikaishia kuwa mkubwa wa kaunta. Kiitaliano changu nilikiokota pale pale. Pombe naijua kwa toti, kwa lebo na kwa harufu. Na nilikunywa, sifichi. Kazini sikugusa, lakini nikitoka zamu, jioni yangu ilikuwa mangweni (kilabu cha mnazi) upande wa Ganda na wenzangu: chupa tatu za lita za mnazi, pweza kidogo, halafu nyumbani kwa miguu yangu, naimba lakini sipepesuki. Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Wenzangu waliniita Tangi, na jina likakaa.

Nilipostaafu nikanunua tuktuk. Asubuhi saa kumi na mbili napeleka watoto wa shule, mchana nabeba abiria, jioni mangweni.

Mambo yamegeuka miaka miwili hii. Kwanza chupa ya tatu ikanishinda. Kisha ya pili. Sasa nikimaliza moja ulimi umekuwa mzito na miguu si yangu. Usiku naamka mara nne kukojoa, na ikifika saa nane usingizi umekatika kabisa. Asubuhi kichwa kinagonga, mimi ambaye hangova nilikuwa naisikia kwa wageni tu.

Mwezi wa pili, katika joto lile la kaskazi, ndipo nilipoaibika. Siku hiyo kazi ilikuwa nyingi, nikashinda kwa chai ya rangi na mahamri mawili tangu asubuhi. Jioni nikameza dawa zangu kama kawaida, nikaenda mangweni, nikanywa chupa moja na kidogo. Njiani kurudi jasho baridi likanitoka, mikono ikatetemeka, nikawa nasema maneno ambayo mwenyewe siyaelewi, nikaanguka mchangani. Vijana wa bodaboda wakanipiga picha wakicheka, "Tangi limepasuka!" Aliyeniokota ni mpwa wangu wa miaka 28, ambaye tulikunywa kibuyu kimoja na yeye mzima kama nazi. Akanipeleka zahanati, wakanitundikia dripu, wakasema sukari ilikuwa 2.4. Nadhani mashine yao ilikuwa mbovu, maana mimi kwa miaka sita ni mgonjwa wa sukari ya kupanda, si ya kushuka.

Dada, wenzangu wana maelezo mawili. Wachache wanasema mgema siku hizi anatia kitu. Walio wengi wanasema nimetupiwa. Wanamtaja mama mdogo wangu, mdogo wake marehemu mama, mjane wa miaka 80 na kitu anayekaa nyuma ya kiwanja changu. Ati tuligombania mpaka wa shamba, ati macho yake mekundu. Mmoja anamjua mtu wa kupiga mburuga, yaani ramli, na vijana wako tayari "kwenda kuzungumza na yule ajuza". Mimi siamini sana, lakini ile saa nane ya usiku, nikiwa macho peke yangu, nawaza.

Mke wangu hana maelezo, ana amri: niache pombe. Ningeacha, lakini Desemba tunapokea mahari ya binti wa ndugu yangu na mimi ndiye mzee wa mji. Kadzama, ule mnazi wa mahari, ikiletwa, nani ataionja? Tena wale Waitaliano walikuwa wakiniambia glasi ya mvinyo mwekundu kila siku ni dawa ya moyo. Je, nihamie mvinyo?

Dawa zangu, mjukuu anasoma kwenye pakiti: metformini, glibenklamidi, enalaprili, na ile tembe ndogo ya kukojoza. Magoti yakiuma nanunua diklofenaki dukani. Usingizi ukikataa, mke wangu hunipa zile tembe za mafua zinazoleta usingizi.

Ni mimi, Tangi, Malindi.

JIBU

Mzee mwenzangu Tangi,

Nianze na mama mdogo wako, kwa sababu wewe una muda na yeye huenda hana. Vijana walio tayari "kuzungumza" na ajuza mwenye macho mekundu, hapa Kilifi tunajua mazungumzo hayo huishia wapi. Wazee wameuawa katika kaunti hii kwa maneno mepesi kuliko hayo, na mara nyingi ukifukua uchawi chini yake unakuta shamba, kama wewe mwenyewe ulivyolitaja. Mwanamke aliyepikia kuni maisha yake yote, macho yake yawe ya rangi gani? Waambie wenzako leo jioni, kwa kinywa chako, kwamba hutaki kusikia jina lake mangweni. Wakiendelea, nenda kwa chifu kabla hawajaenda wao kwake.

Mgema naye mwondoe kwenye kesi. Sisemi wagema ni malaika. Methali yenyewe yasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini maji hayajamwangusha mtu. Pombe za kuua zipo, nchi hii imezika watu kwa methanoli. Ila methanoli ina tabia yake: huwakumba wengi waliokunywa chombo kimoja, na dalili zake, tumbo, kutapika, macho kuona ukungu, mara nyingi huja baada ya saa nyingi, pengine kesho yake. Wewe na mpwa wako mlikunywa kibuyu kimoja. Ukaanguka njiani, yeye akakubeba. Kilichotofautiana hapo si kibuyu.

Sasa tuje kwenye jambo uliloliweka mwisho kana kwamba si kitu. 2.4.

Mashine haikuwa mbovu. Mtu mzima kabla ya kula sukari yake huwa kati ya 4 na 6 hivi. Ikiwa chini ya 3.9 twasema imeshuka, na ikipita chini ya 3 ubongo wenyewe unaanza kukosa chakula, maana ubongo huishi kwa sukari. Jasho baridi, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka, kuanguka: hiyo ni sukari ya chini, imeandikwa kwenye barua yako neno kwa neno. Vijana waliona mlevi kwa sababu ulinuka mnazi. Hata manesi hukosea hapo. Nikiwa wodini nilijifunza kwamba mgonjwa wa sukari akiletwa ananuka pombe, kwanza unamtoboa kidole, hukumu baadaye.

Ilishukaje kwa mtu wa sukari ya kupanda? Glibenklamidi kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari, na hulisukuma hata kama hukula. Siku ya kawaida mtu akichelewa kula, ini humwokoa: hutoa akiba yake ya sukari, na akiba ikiisha hutengeneza sukari mpya. Lakini ini lenye pombe ya kushughulikia haliwezi kutengeneza sukari mpya vizuri. Kwa hiyo jioni ile yalikutana mambo matatu: mahamri mawili tangu asubuhi, tembe ya kushusha sukari, na mnazi uliomfunga mikono yule ambaye angekuokoa. Mpwa wako alikosa la kati, ndiyo maana alibaki mzima.

Kuna jingine kuhusu tembe hiyo. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya dawa muhimu, limeandika kwamba glibenklamidi haifai kwa watu waliopita miaka 60, kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu na huwashusha sukari wazee. Nawe una 64. Pengine ulianza kupewa ukiwa na 58 na hakuna aliyehesabu miaka. Usiitupe mwenyewe, sukari itapanda kwa upande wa pili. Nenda kliniki ya sukari wiki hii, uwaambie ulianguka ukapimwa 2.4, uwaambie na mnazi, uulize kama unaweza kubadilishiwa. Mpaka wakujibu, usinywe hata kata moja. Hapo sibembelezi.

Hiyo ndiyo habari ya kuanguka. Lakini uliuliza pia kwa nini chupa tatu zimekuwa moja, na hilo lilianza kabla ya mwezi wa pili. Jina lako lenyewe linajibu. Tangi limepungua.

Pombe ikiingia mwilini huenea kwenye maji ya mwili. Kwenye mafuta haiingii sana. Kijana wa kiume wa kilo 70 ana maji kama lita 42 ndani yake. Mwanamume wa umri wetu mwenye kilo zile zile 70 hubaki na karibu 35. Najua utaniambia suruali ya hotelini bado inakuingia. Mizani haioni kilichobadilishana: misuli, ambayo robo tatu yake ni maji, inaondoka kidogo kidogo, na mafuta yanakuja kukaa mahali pake. Wewe ni mtu wa kaunta, utanielewa nikisema hivi: toti ni ile ile, soda imepunguzwa. Kwa hesabu hiyo peke yake, kinywaji kile kile kinakuwa kikali kwa moja ya tano zaidi ndani ya damu yako. Ongeza joto la kaskazi, ongeza tembe ya kukojoza, ongeza kwamba mzee hahisi kiu kama kijana hata akiwa amekauka, na soda inapungua tena.

Tumboni nako kuna kimeng'enya kinachovunja sehemu ya pombe kabla haijaingia kwenye damu, na kwa wanaume hupungua umri ukisonga. (Dada zangu mnaosoma hapa mkimcheka Tangi, ninyi kimeng'enya hicho mlikuwa nacho kidogo tangu usichana, na maji yenu ni machache kuliko ya wanaume. Msicheke sana.)

Moja ya tano haitoshi kugeuza chupa tatu kuwa moja, hilo nalikubali. Sehemu kubwa iliyobaki iko kichwani na kwenye ule mfuko wako wa dawa. Ubongo uliozeeka huyumbishwa na kiasi kidogo: mizani ya kusimama, wepesi wa kukanyaga breki, kumbukumbu. Na mara nyingi mzee mwenyewe hajioni kama amelewa kiasi hicho, kwa sababu anajipima kwa mtu aliyekuwa miaka 20 nyuma. Akianguka, mfupa wa nyonga si ule wa kijana. Nimewaona wengi walioingia wodini kwa nyonga iliyovunjika wakienda msalani usiku, na wachache waliorudi kutembea kama zamani.

Watu hudhani ini la mzee limechoka na ndilo linalochelewesha pombe. Ukweli umepinda kidogo. Ini zima, hata la mzee, huondoa pombe kwa mwendo usiotofautiana sana na wa zamani, kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Tatizo ni kwamba sasa unaanza kushuka kutoka mahali pa juu zaidi. Na mwendo huo hauongezwi na chochote. Kahawa chungu itakupa mlevi aliye macho. Ndimu, dafu, kuoga maji baridi, supu ya pweza, vyote ini halivisikii.

Shika kalamu, maana hapa kuna jambo la tuktuk. Mnazi ukigemwa huanza kuchacha papo hapo, ukiwa bado juu ya mti, kwa sababu hamira iko kwenye chombo tayari. Ndani ya saa chache unaweza kufika asilimia 4 ya kileo. Uliogemwa asubuhi ukanywewa jioni si sawa na ulioshushwa sasa hivi, hata kama unatoka kwa mgema mmoja. Tuchukue hiyo 4. Lita moja ina gramu 32 za kileo. Toti ya mililita 30 ya pombe kali ya asilimia 40 ina kama gramu 9 na nusu. Kwa hiyo lita moja ya mnazi ni zaidi ya toti tatu, na chupa zako tatu za zamani zilikuwa toti kumi. Ungempa mgeni toti kumi kila jioni, meneja angekuita ofisini.

Sasa sema umekunywa chupa mbili, ukamaliza saa nne usiku. Ni gramu 63. Ini likienda kwa 8 kwa saa, litamaliza karibu saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na mbili asubuhi wewe una watoto wa shule nyuma ya tuktuk. Hukuona shida kwa sababu umelala na umenawa uso. Mimi ningekuwa mama wa mmoja wa watoto hao nisingekulipa, ningekushusha. Kama bado kuna jioni unayokunywa, asubuhi yake gari lilale.

Kuamka saa nane usiku nako si kurogwa. Pombe hulaza haraka kisha, ikianza kuisha kwenye damu, humwamsha mtu na moyo unamdunda. Tena hukizuia kile kichocheo cha ubongo kinachoziambia figo zitunze maji, ndiyo safari zako nne za msalani, ukiongeza tembe ya kukojoza, na pengine tezi dume ambayo kwa umri wako inafaa ipimwe. Sukari ikiwa juu nayo hukojoza. Usilibebeshe mnazi kila kitu, waambie kliniki waangalie yote.

Zile tembe za mafua anazokupa mke wako (mpe salamu, ana akili kuliko baraza zima la mangweni), aziache. Zikichanganyika na pombe humzubaisha mzee hadi asijue mlango uko wapi, na kwa mwenye tezi dume kubwa zinaweza kufunga mkojo kabisa. Diklofenaki nayo ndiyo iliyonishtua kuliko unavyodhani. Pamoja na pombe inachubua tumbo hadi kutoa damu. Na pamoja na enalaprili na tembe ya kukojoza, dawa tatu hizo huzibana figo kwa wakati mmoja, hata usipokunywa tone. Dukani hawakujua unameza nini nyumbani, na hukuwaambia. Enalaprili na pombe zikikutana, presha inaweza kuporomoka ukisimama ghafla. Metformini na unywaji mwingi, hasa figo zikiwa zimechoka, huweza kujaza asidi kwenye damu, jambo la nadra lakini la kuua. Ukienda kliniki usitaje dawa kwa kichwa. Zitie zote kwenye mfuko, na za mafua, na za magoti, na mizizi kama unachemsha, uzimwage mezani.

Kuhusu mvinyo wa Waitaliano. Utafiti wa zamani uliwalinganisha wanywaji wa kiasi na wasiokunywa, ikaonekana wanywaji wana moyo mzuri. Baadaye ikagunduliwa kwamba ndani ya lile kundi la "wasiokunywa" walikuwamo wengi walioacha kwa sababu tayari ni wagonjwa. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Na pombe, ya zabibu au ya mnazi, imekuwa kwenye orodha ya visababishi vya saratani vya wazi kabisa tangu 1988. Mvinyo hauna siri. Glasi ya mililita 150 ya asilimia 12 ina gramu 14, na mwili wako hausomi lebo.

Ukitaka kipimo, kuna hiki. Taasisi ya taifa ya Marekani inayotafiti ulevi imekuwa ikiwashauri waliopita miaka 65, wenye afya na wasiotumia dawa yoyote, wasizidi vinywaji 7 kwa wiki, kila kimoja gramu 14. Jumla 98. Ni chupa tatu za mnazi kwa wiki, yaani ile jioni yako moja ya zamani. Na wewe una dawa nne na sukari.

Amri ya mke wako basi ni sahihi, ila jinsi ya kuitii inategemea jibu moja ambalo hukuniandikia. Siku ukikosa mnazi, kesho yake asubuhi mikono hutetemeka? Unatokwa na jasho, moyo unakwenda mbio, unatulia tu ukipata kidogo? Kama ndiyo, nikikuambia usinywe hata kata simaanishi ujifungie nyumbani ushikilie. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na siku ya pili au ya tatu mtu huanza kuona wadudu ukutani na kuchanganyikiwa, na mzee humwelemea kuliko kijana. Hiyo ni kazi ya hospitali: wana dawa za kukushusha taratibu na vitamini B1. Nenda leo hii, usisubiri siku ya kliniki. Mkikwama, piga 1192, ni laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na huulizwi dini wala kabila. Kama hutetemeki, acha bila sherehe.

Kadzama isikuumize kichwa. Si Mgiriama mimi, lakini nimekaa na Wagiriama miaka 40 na nimehudhuria mahari za kutosha. Koma, yaani mizimu ya wahenga, humwagiwa kwanza. Ukishamwaga, gusa mdomo, mpitishie mpwa wako aliyekubeba. Sijaona mzee aliyepoteza heshima kwa kuonja. Kula ushibe kabla ya kikao, na maji ya kunywa yawe karibu nawe.

Na wewe mjukuu unayesoma, nina kazi kwako. Babu akianza kutokwa na jasho baridi na kusema ovyo, usiulize amekunywa nini. Kama anaweza kumeza, mpe soda yenye sukari au maji yenye vijiko vitatu vinne vya sukari, kisha chakula. Kama hajitambui usimmiminie kitu mdomoni, mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali. Hata akizinduka mpelekeni, kwa sababu tembe ile inaweza kumshusha tena baada ya saa kadhaa. Waeleze hivyo na wale wa bodaboda waliopiga picha, kesho itakuwa babu ya mmoja wao.

Halafu chukua karatasi, uandike kwa kalamu nene: 2.4. Babu aende nayo Ganda leo jioni, kabla ya vijana kwenda kwa mama mdogo. Wakimwuliza nani alimwangusha, awaonyeshe.